Kumaliza uzamili au uzamivu kwa wakati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Dar es Salaam

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayesomea Dar es Salaam, awe Mlimani, Muhimbili, Ardhi, Chuo Kikuu Huria au kwingineko, na anayetaka kumaliza ndani ya muda aliopewa kwenye barua ya udahili. Wengi hawacheleweshwi na ugumu wa utafiti wenyewe. Wanacheleweshwa na kusubiri: maoni ya msimamizi, kibali, barua, fedha ya ada, ripoti ya mtahini. Kusubiri hakukwepeki. Kinachokwepeka ni kukaa bure huku unasubiri, na karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Muda wa kawaida ni upi?

Uzamili wa kozi na tasnifu kwa kawaida hupangiwa miezi 18 hadi 24. Uzamivu kwa anayesoma muda wote ni miaka mitatu hadi minne, na anayesoma huku akifanya kazi huongezewa. Kila chuo kina kanuni zake za masomo ya uzamili. Zisome wiki ya kwanza, tena uzisome zote, maana ndimo walimoandika ripoti za maendeleo zinatolewa lini, semina ngapi lazima uwasilishe, na usajili unafutwa katika mazingira gani. Nimeona watu wakizifungua kanuni hizo kwa mara ya kwanza siku walipopokea barua ya onyo.

Nichague mada ya namna gani ili isinimalize?

Chagua mada ambayo data yake unaweza kuifikia bila kumwomba mtu zaidi ya mmoja au wawili. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mada inavutia. Ukitaka kuchunguza mikataba ya taasisi ambayo haijawahi kumwonyesha mtu mikataba yake, umeikabidhi digrii yako mikononi mwa ofisa usiyemjua.

Watu hawazitumii vya kutosha data zilizokwishakusanywa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, na utafiti wa kufuatilia kaya zilezile ulioanza 2008/09. Mwanafunzi wa uchumi, demografia au maendeleo anaweza kuandika tasnifu nzuri kabisa kwa data hizo bila kukanyaga kijiji chochote. Anayesoma historia ana Nyaraka za Taifa pale Upanga, na Maktaba ya Mlimani ina mkusanyo wa machapisho ya Afrika Mashariki ambao watafiti hupanda ndege kuja kuusoma. Wewe unaufikia kwa daladala.

Kisha ipunguze mada. "Changamoto za elimu Tanzania" haina mwisho. "Jinsi walimu wakuu wa shule za msingi za kata mbili za Temeke wanavyogawa madarasa yenye wanafunzi wengi" ina mwisho, na bado inaweza kusema jambo jipya.

Nifanyeje kazi na msimamizi mwenye shughuli nyingi?

Swali hili linastahili nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa hapa ndipo miezi mingi hupotelea.

Msimamizi wako anafundisha, ana wanafunzi wengine, huenda ana cheo cha uongozi idarani, na anatahini tasnifu za vyuo vingine. Hakuchukii. Kazi yako ni kumrahisishia kukujibu. Usimtumie kurasa 90 zenye ujumbe "naomba uzipitie". Mtumie sura moja na swali moja au mawili ya wazi, mwambie unaendelea na nini wakati unasubiri, na taja siku utakayofuatilia. Kwa mfano:

"Shikamoo Profesa. Nimekutumia leo kwa barua pepe sura ya tatu, kurasa 22. Naomba maoni yako hasa kuhusu namna nilivyochagua sampuli, ukurasa wa 9 hadi wa 12. Wakati nasubiri naendelea na mapitio ya maandiko. Kama itakufaa, nitapita ofisini Jumanne saa nne asubuhi."

Ujumbe huo una heshima, una kazi ndogo inayotekelezeka na una tarehe. Ukiutuma Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, iwe una sura mpya au huna, msimamizi atakuzoea na hatakusahau.

Baada ya kila kikao, andika siku hiyohiyo mlichokubaliana, mistari mitano inatosha, umtumie. Hili hukuokoa pale anapokuambia mwezi wa nane uondoe kitu alichokuambia mwezi wa tatu ukiongeze. Huna haja ya kubishana. Unamkumbusha kwa adabu na kumuuliza tufuate lipi. Kama una wasimamizi wawili, watumie wote nakala ya kila kitu. Wasimamizi wasiosomana maoni humrusha mwanafunzi huku na huku bila wenyewe kujua.

Na pale wanapotofautiana kweli, usijifanye mwamuzi. Omba mkae wote watatu, hata kwa nusu saa.

Msimamizi hajibu kabisa. Niende kwa nani?

Kwanza nenda ofisini ana kwa ana. Hapa kwetu barua pepe peke yake haitoshi, na wakati mwingine dakika kumi za kukaa kwenye benchi nje ya mlango zinafanya kazi ambayo barua sita zimeshindwa. Muulize katibu muhtasi wa idara ni siku gani anapatikana. Usipofanikiwa kwa miezi miwili hivi, mwone mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, kisha mkuu wa idara. Peleka ushahidi wa tarehe ulizotuma kazi, na zungumzia kazi ilipokwama badala ya tabia ya mtu. Kubadilishiwa msimamizi kunawezekana kwa utaratibu, lakini kunakula muda, kwa hiyo amua mapema au usiamue kabisa.

Pendekezo langu la utafiti limerudishwa mara mbili. Nimeshindwa?

Hapana. Soma maoni yote, kisha jiulize kama yanagusa tatizo la utafiti au yanagusa uandishi tu. Mara nyingi kinachokosekana ni sentensi moja inayosema wazi ni nini hakijulikani na kwa nini kinafaa kujulikana. Ikipatikana hiyo, malengo na maswali hujipanga. Isipopatikana, kuongeza kurasa za mapitio hakusaidii.

Vibali vinachukua muda gani, na vinaanzia wapi?

Vinaanzia chuoni. Chuo hukupa barua ya utambulisho. Kwa utafiti katika mikoa, barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandikia wilaya. Kwa Katibu Tawala wa Wilaya au Mkurugenzi wa halmashauri unapata barua ya kwenda kwa Mtendaji wa Kata, na kutoka hapo kwa Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji. Kumbuka Dar es Salaam ina wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ukichukua sampuli katika zote tano, umejiongezea ofisi tano za kuzungukia. Je, utafiti wako unazihitaji zote kweli? Mara nyingi mbili zinatosha, mradi ueleze sababu za kuzichagua.

Utafiti wa afya unaohusu binadamu unahitaji kibali cha maadili. Vyuo kama Muhimbili vina kamati zao, na ngazi ya taifa ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Zanzibar ina utaratibu wake, kwa hiyo ukitaka kulinganisha Temeke na Unguja, hesabu njia mbili za vibali tangu mwanzo. Mtafiti asiye raia anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyopo Kijitonyama.

Sasa namna ya kufuatilia. Kila barua unayopeleka, hakikisha unabaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na andika tarehe pamoja na namba ya kumbukumbu. Ukirudi kuuliza, anzia masijala na uitaje namba hiyo, maana mtu wa masijala anaweza kukuambia jalada lipo meza gani. Ukimuuliza mtu mwingine kama "barua yangu imefika", atakuambia urudi kesho, na kesho hiyo inaweza kujirudia wiki tatu. Salimia vizuri, usifoke, na jifunze jina la anayekuhudumia. Wahudumu wa masijala wamewasaidia wanafunzi wengi kumaliza, na ni nadra kuwaona kwenye ukurasa wa shukrani.

Anza maombi ya vibali mara tu pendekezo linapopita. Muda wa kuyasubiri ndio muda wa kuandika sura ya pili na ya tatu. Anayefanya hivyo huingia uwandani akiwa na karibu nusu ya tasnifu mkononi.

Sheria ya taarifa binafsi inanihusu?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 2023. Majina, namba za simu na hali za afya za wahojiwa si mali ya kuacha kwenye flashi mezani au kwenye kompyuta ya steshenari. Wape wahojiwa namba za siri, na orodha inayounganisha majina na namba iweke mbali na data, yenye nywila. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na uisome kwa sauti kwa asiyesoma.

Niende uwandani lini?

Angalia kalenda nne kabla ya kupanga.

Ya mvua: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukipanga kwenda Rufiji au Kilombero mwezi wa nne, barabara itakuamulia. Hata mjini, watu wa mabondeni wana mambo mengine ya kuwaza mvua zinapokuwa kubwa.

Ya serikali: mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Mwezi huo wa sita ofisi za halmashauri zinafunga hesabu, na mhasibu au ofisa mipango hana saa moja ya kukupa. Nenda Agosti au Septemba, utakuta watu wametulia.

Ya siasa: mwaka wa uchaguzi, viongozi wa mitaa wanabadilika au wako kwenye kampeni, na mtu yeyote anayepita nyumba kwa nyumba na karatasi anatazamwa kwa shaka. Ya nne ni ya watu wenyewe: Ramadhani, mitihani ya shule, msimu wa kulima na wa kuvuna. Kumhoji mkulima shambani saa tano asubuhi wakati wa palizi ni kumwonea.

Sampuli iwe ya watu wangapi?

Wengi huchukua fomula ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, huweka idadi ya watu na kosa la asilimia 5, wakaendelea. Kwa watu 2,000 inakupa 333. Lakini fomula hiyo inafaa unapokadiria uwiano kwa sampuli nasibu sahili, yaani kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, na tasnifu nyingi zinazoitumia hazifanyi hivyo. Utafiti wa kina wa mahojiano unaweza kusimama na watu 20 au 30 waliochaguliwa kwa sababu zinazoelezeka.

Fanya hesabu ya pili, ile ya siku. Hojaji ya dakika 40, ukiongeza safari na kusubiri, hukuruhusu kufanya kama sita kwa siku. Hojaji 333 ni siku 56 za kazi, yaani wiki 11 na zaidi kama unapumzika mwisho wa wiki. Una nauli ya wiki 11? Kama huna, zungumza na msimamizi sasa, si ukiwa katikati.

Majibu yaingize moja kwa moja kwenye simu kama inawezekana. KoboToolbox, programu ya hojaji, inafanya kazi bila mtandao na hukuondolea miezi ya kuingiza majibu ya karatasi kwenye kompyuta. Jaribu hojaji yako kwa watu kumi kwanza, nje ya sampuli. Swali litakalowachanganya hao kumi litawachanganya wote.

Ninafanya kazi, nakaa Mbagala, nafika nyumbani saa mbili usiku. Nitaandika saa ngapi?

Alfajiri, kama mwili wako unakubali. Saa moja na nusu kabla ya kuondoka inazidi saa nne za Jumamosi unazozipangia kila wiki na ambazo msiba, harusi au kikao cha ukoo kitazichukua. Sisemi usiende msibani. Nasema kazi ya tasnifu isiwekwe yote kwenye siku ambayo jamii yote inaitumia kwa mambo yake.

Ndani ya daladala au mwendokasi huwezi kuandika, lakini unaweza kusoma makala moja uliyoipakua kwenye simu, au kusikiliza mahojiano uliyorekodi. Tafuta pia mahali pa kukaa. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa 2018, ina nafasi ya watumiaji 2,100 kwa wakati mmoja. Anayefanya kazi katikati ya jiji ana Maktaba Kuu ya Taifa kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na akikaa huko jioni foleni inapungua huku ameandika ukurasa.

Mwajiri wako aombwe ruhusa ya masomo kwa maandishi mapema. Ruhusa ya mdomo huondoka na bosi aliyeitoa.

Nianze kuandika sura ipi?

Ile ya mbinu za utafiti. Unajua ulichofanya au utakachofanya, hivyo haikutishi. Utangulizi uandike mwisho, ingawa rasimu yake unayo kwenye pendekezo. Mapitio ya maandiko yaandike kidogo kidogo kila unaposoma: aya moja kwa kila makala, kwa maneno yako, inayosema mwandishi alipata nini na kinakuhusu vipi. Tumia Zotero kutunza marejeleo tangu siku ya kwanza. Ni ya bure. Kupanga marejeleo 200 kwa mkono wiki ya kuwasilisha ni mateso yasiyo na sababu.

Weka nakala tatu za kazi: kwenye kompyuta, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Begi likiporwa kituoni, au umeme ukirudi kwa kishindo na kuunguza mashine, utapoteza kifaa tu.

Naweza kuandika kwa Kiswahili?

Inategemea programu. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa 2009, ina tasnifu za Kiswahili za uzamili na uzamivu. Programu nyingi nyingine hutaka Kiingereza. Hata hivyo, fikiri kwa lugha inayokutoka vizuri. Jieleze hoja ya sura kwa Kiswahili, irekodi kwenye simu, kisha ndiyo uiandike. Hoja ikiwa haieleweki kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza.

Nimlipe mtu anichambulie data? Na akili mnemba je?

Kumlipa mtu akufundishe kuchambua ni sawa. Kumlipa akuletee sura ya nne, ya matokeo, iliyokamilika ni udanganyifu, na pia ni njia ya hakika ya kufedheheka mbele ya jopo la utetezi, kwa sababu swali la kwanza litakuwa kwa nini ulitumia kipimo hicho na si kingine. Jifunze programu moja tu, SPSS, Stata au R, kwa kiasi kinachohitajika na maswali yako.

Akili mnemba inaweza kukusaidia kusahihisha sarufi au kukueleza dhana. Isikuandikie, na usiamini hata rejeleo moja inalokupa mpaka uione makala yenyewe kwa macho yako, kwa sababu hutunga makala ambazo hazipo. Uliza pia chuo chako kinaruhusu nini, na utamke ulichotumia.

Ada imekwama. Niache kwanza?

Usipotee kimya. Mwanafunzi asiyesajiliwa huendelea kuhesabiwa miaka, na hupoteza hata haki ya kusomewa rasimu. Nenda uombe kulipa kwa awamu, au uombe kuahirisha masomo rasmi. Kuahirisha husimamisha saa, na kutoroka hakusimamishi. Ni hivyo hivyo kwa ugonjwa, ujauzito au mauguzo ya mzazi: peleka barua na vielelezo mapema, usisubiri hadi muda umeisha ndipo ueleze yaliyotokea mwaka juzi.

Ninajisikia niko peke yangu. Ni kawaida?

Ni kawaida sana, hasa kwa wa uzamivu baada ya kozi kuisha na wenzako kutawanyika. Tafuta watu watatu au wanne walio katika hatua kama yako, hata kama ni wa idara nyingine, mkutane kila wiki mbili na kila mmoja alete kurasa tano. Kundi la WhatsApp la kutumiana salamu za Ijumaa halitoshi. Lazima kuwe na kurasa mezani. Waambie na watu wa nyumbani unachofanya kwa lugha wanayoielewa. Mke, mume au mama asiyejua kwa nini umefungia mlango hawezi kukulinda na wageni. Na kama usingizi umepotea au huzuni haiondoki, mwone mshauri nasaha wa chuo. Hiyo ni huduma yako, ada imeilipia.

Nahitaji kuchapisha makala kabla ya kumaliza?

Vyuo kadhaa humtaka mwanafunzi wa uzamivu afanye hivyo, kwa hiyo angalia kanuni. Tuma makala ya kwanza mapema, hata kabla ya kumaliza sura zote, maana jarida zuri linaweza kukaa na makala miezi mingi. Jihadhari na majarida yanayoahidi kukuchapishia ndani ya siku tatu ukilipa. Unaweza kulitafuta jarida kwenye African Journals Online au kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, kisha ukamuulize mkutubi.

Nimewasilisha tasnifu. Sasa nifanye nini?

Usilale. Majina ya watahini yanapaswa kupendekezwa na idara kabla hujawasilisha, kwa hiyo mkumbushe msimamizi utakapobakiza miezi mitatu hivi. Ripoti za watahini zinapochelewa, fuatilia kwenye ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo, bila kumpigia mtahini mwenyewe.

Kwa utetezi, andaa maelezo ya dakika 15 na uyajaribu mbele ya lile kundi lako. Jopo karibu lazima liulize mambo haya: mchango mpya ni upi, kwa nini mbinu hii, na ungefanya nini tofauti. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na eleza ungelitafutaje.

Masahihisho yakija, tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini kama alivyoyaandika, ulichofanya, na ukurasa kilipo. Usipokubaliana na oni fulani, eleza sababu kwenye safu ya pili badala ya kuliruka. Anza siku ileile unayoyapokea, kwani wapo waliopewa masahihisho madogo ya mwezi mmoja wakayamaliza baada ya mwaka. Kabla ya kupeleka nakala za kujalidiwa, linganisha jina lililo kwenye jalada la tasnifu na lile la vyeti vyako vya sekondari, herufi kwa herufi. Likitofautiana, shughulikia kiapo cha majina wiki hiyo, kabla orodha ya wahitimu haijaenda Seneti.